Lugha Inayofuata Shaba

Wajukuu wangu huniuliza lugha gani ya kigeni ina faida zaidi, na kabla sijafungua mdomo hujijibu wenyewe: Kiingereza. Au Kichina, kwa sababu ya migodi ya siku hizi. Nyumbani kwetu swali hilo liliulizwa zamani, Kolwezi, miaka ile nchi ilipokuwa Zaïre, na jibu lake liliondoka na furaha ya nyumba.

Baba alikuwa mpakiaji. Kazi yake ilikuwa kupanga vipande vya shaba kwenye mabehewa na kuvifunga visicheze njiani. Wazazi wake waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, yeye akazaliwa hapo kambini, kwa hiyo hakuwa na shamba wala kijiji cha kutuachia. Alikuwa na mawazo yake, na wazo lake kubwa lilikuwa kwamba shaba haikosei njia. Wenzake walipowachagulia watoto lugha walimsikiliza mwalimu au padri. Yeye aliangalia mabehewa.

"Muangalie mukuba inaenda wapi," alituambia wakati wa kula. Mukuba ndiyo shaba kwa Kiswahili chetu. "Inaenda Dilolo, inapita Angola, inafika ku bahari. Kule kote banasema Kireno. Basi Kireno njo luga ya kazi. Kingereza ni ya ba Zambia."

Mama alisema Kifaransa cha shuleni kilitosha kumchosha mtoto. Hakusikilizwa.

Basi yaya, dada yangu mkubwa, akapewa Kireno kama wengine wanavyopewa mchumba. Mjini palikuwa na duka la Mreno aliyeishi na mama yake, kikongwe mwenye miguu mibovu na maneno mengi, asiye na wa kumsikiliza. Baba alikwenda kuomba, akakubaliwa. Mchana yaya alikaa naye nyuma ya duka, akimchana nywele na kuchambua naye mchele, mpaka akawa anasema Kireno kwa kelele zilezile za yule bibi, mikono ikiruka. Tulimcheka mpaka machozi. Naye alikipenda. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu baadaye watu walisema baba alimlazimisha.

Maduka ya wageni yalipochukuliwa na kupewa wananchi, yule Mreno na mama yake walipanda treni wakaenda zao, na Wareno wengine wa mji wakawafuata. Yaya alilia stesheni. Baba hakuona ubaya wowote. Aliona tu kwamba sasa Kireno kimebaki cha binti yake peke yake, na kweli, haukupita muda mrefu yaya akapata kazi Dilolo, mpakani, kwenye ofisi ya reli, kusoma karatasi za mabehewa yaliyotoka upande wa Angola. Baba alizunguka kambi nzima akitangaza. Hata watu tulionuniana nao walipata habari.

Kisha vita vikawaka Angola na reli ikakatika upande wa kule, treni za kwetu zikaishia Dilolo. Shaba ikageuziwa kusini, njia ya Zambia, na baba akawa anafunga mabehewa yaleyale yakielekea upande mwingine. Yaya alikuja Noeli akiwa amekonda, akaomba abaki. Kule, alisema, hakuna tena karatasi za kusoma. Wanamwita zahanati awatafsirie wakimbizi, na mara nyingi anachotafsiri ni kwamba mtoto wao amekufa.

"Tata, ile luga imenichokesha," alisema.

"Rudia ku kazi," baba akamjibu. "Treni itatembea tena. Ukitoka, mwingine atakamata nafasi yako."

Yaya alirudi Dilolo. Treni ya Angola haikutembea. Baridi ilipoanza tukapata habari kwamba anaumwa homa, na kabla baba hajapewa ruhusa kazini, yaya akaletwa ndani ya sanduku, kwenye treni ya mizigo.

Kwetu, kabla ya maiti kuzikwa, aliyemuuguza husimama mbele ya ndugu akaeleza yote: ugonjwa ulianzaje, mgonjwa alikula nini, nani alikuwa karibu, alisema nini mwishoni. Bila maelezo hayo watu huzika na shaka, na shaka hutafuta mchawi. Aliyemuuguza yaya ndiye aliyekuja na sanduku. Alikuwa mkimbizi, mwanamke wa pwani ya Angola, ambaye yaya alimpa chumba nyumbani kwake. Kiswahili hakujua, Kifaransa hakujua. Walimjaribu kwa Kilunda, akatikisa kichwa. Alijua Kireno na lugha ya kwao.

Tata mukubwa, kaka yake baba, akatuma watu mjini kutafuta wa kutafsiri. Walirudi na Mgiriki mmoja muuza mikate, akavua kofia, akasikiliza kidogo, akasema hajui kitu, anatuomba msamaha. Nikamwona mama akigeuza uso kuelekea sanduku. Nafikiri sote tulikuwa na wazo moja: wa kututafsiria yumo mle.

"Aseme tu," baba akasema. "Ametoka mbali."

Yule mkimbizi akasimama, akaeleza. Alieleza vizuri, naamini hivyo. Alianza polepole, akaonyesha kwa mkono huku na huku, akalia, akafuta uso, akaendelea. Watu wa kwetu hawajui kukaa kimya kwenye kilio, lakini siku ile walikaa, hata wale wajomba waliokuja na maneno yao tayari. Kila mara alimtazama baba akasema neno moja, "pai", na tena "pai", na baba akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa. Alipomaliza, baba alimshika mikono yote miwili. Tukaenda kuzika. Kesho yake treni ilimrudisha Dilolo, maana alikuwa ameacha watoto, na baba alipotuma mtu kumtafuta baadaye aliambiwa ameshavuka kwenda Zambia.

Mwaka ule shuleni nilitakiwa kuchagua lugha. Kila mtu alisema Kiingereza, na sasa hata mabehewa yalikubaliana nao. Baba akasema nijifunze Kireno. Majirani wakasema huzuni imempanda kichwani. Mimi nilikasirika sana, nikataka kumwambia kwamba lugha yake imeshamla mtoto mmoja na inatosha. Alipofika mji wetu mtawa mmoja aliyewahi kufanya kazi Angola, nikapelekwa kwake. Siku ya kwanza alinifundisha majina ya watu wa nyumbani, na la kwanza kabisa lilikuwa pai. Maana yake ni baba.

Nilirudi nyumbani nikamkuta baba amekaa mlangoni, bado amevaa viatu vya kazi.

"Tata, yaya alikutaja," nikamwambia. "Mara mingi."

"Alisema nini juu yangu?"

"Siyui. Nakumbuka ile neno moja tu."

Akafungua kamba za kiatu kimoja, akaacha kingine. Nilijua anachotaka kujua, alikitaka tangu sanduku liliposhushwa: kama binti yake alikufa akimlaumu kwa kumrudisha Dilolo. Ningeweza kumpa uongo mzuri. Aliniona nikiutafuta, akanizuia kwa mkono.

"Alinitaja na sauti gani?" akauliza. "Ya kukasirika, ao ya kuniita?"

Nikajaribu kuisikia tena.

"Ile sauti ilikuwa ya ule mama wa Angola, tata," nikasema. "Haikukuwa ya yaya."