Mtoto Aliyeficha Ugali

Nilikuwa mlezi katika kituo cha watoto pale Mbinga, sina muda mrefu tangu nitoke chuoni, alipoletwa binti mdogo kutoka Ngumbo. Mama yake alikuwa amefariki, na kwa baba yake mdogo alikokuwa akiishi kuna siku alilala na njaa. Haikupita wiki, wenzangu wakakuta ugali na usipa, vile vidagaa vya ziwani, vinaoza chini ya godoro lake. Wakaanza kumwita mwizi mbele ya watoto wote.

Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto aliyezoea njaa haiamini kesho, hata sahani yake ikijaa, na kumchapa ni kumzidishia hofu. Basi nikampa kopo lenye mfuniko, nikawa nalijaza mahindi ya kukaanga. Nilimwambia ni lake, hakuna wa kulichukua. Mwanzoni alilala amelikumbatia. Baadaye akawa analisahau kitandani. Siku niliyomwona anawagawia wenzake, niliingia stoo nikalia kwa furaha.

Mkuu wa kituo alilikuta kopo akikagua mabweni, akaniita ofisini. Nilimweleza niliyosoma na niliyoyaona kwa macho yangu. Alinisikiliza akitabasamu, kama anayengoja mtoto amalize kukariri shairi.

"Dada, nadharia ziache hukohuko chuoni," alisema. "Hapa tunalea watoto."

Akaongeza kuwa wizi unaambukiza, na binti atarudishwa kwao. Mimi ndiye niliyetumwa kumsindikiza stendi. Aliniuliza amekosa nini. Nikamwambia hajakosa kitu.

"Sasa mbona naondoka, mama?"

Nilimfunga vifungo vya sweta, vilivyokuwa vimeshafungwa.

Baadaye wakaja wageni. Mkuu aliwaeleza, bila kupepesa macho, kwamba kwetu mtoto aliyeumizwa na njaa hupewa akiba yake mwenyewe, maana kituo kinafuata nadharia za malezi. Walimpigia makofi. Mimi nilikuwa nagawa soda.

Nilipopata likizo nilishuka Ngumbo. Nilimkuta ufukweni anasugua masufuria. Aliniamkia, "Shikamoo," bila kuinua uso, akaendelea na kazi yake. Baba yake mdogo alitaka kujua kama kituo kimetuma chochote. Nikamjibu hapana, nikaita bodaboda.

Kazi ile niliiacha. Vitabu vyangu ninavyo, na bado naviamini, na hilo ndilo linaloniuma.