Mtunza Jezi na Utani wa Katibu

Siku Domitila alipokanyaga kwa mara ya kwanza duka la Nasma, sokoni Ruangwa, hakuuliza bei ya kitu. Alisalimia, akatoa kwenye mfuko jezi nyeupe iliyokuwa imegeuka rangi ya tofali, akaomba beseni.

"Beseni la nini?" Nasma akauliza.

"La kufulia, Mama. Kila duka naambiwa sabuni yake inatoa udongo wa huku. Nimechoka kununua maneno."

Nasma hakuwa mtu wa kutoa beseni lake kwa kila apitaye. Alianza biashara na sinia la vitumbua pale stendi ya Nachingwea, akapanda kidogo kidogo mpaka akafungua duka la jumla Ruangwa, na katika kupanda huko alijifunza kuwa mteja anayesifu mali yako leo kesho humwoni; anayeijaribu mbele ya macho yako ndiye atakayerudi. Akampa beseni na maji. Yule binti akafua palepale barazani, akaianika jezi juani, akaichungulia shingoni.

"Ya unga haifai. Ile ya mche je?"

"Ya mche ghali."

"Ghali ni kufua jezi moja mara mbili."

Wakavutana bei mpaka adhuhuri. Nasma alishusha kwa kukunja uso, lakini moyoni aliridhika, maana binti aliyavuta mazungumzo bila kulia shida wala kumwita "mama yangu mpenzi" kama wafanyavyo wengine wakitaka kupunguziwa. Kabla binti hajajitwika katoni yake ya sabuni, Nasma alishamjua: mzaliwa wa Mnero, upande wa Nachingwea, Mmwera wa familia ya wakulima, mtunza vifaa wa Mbwemkuru Stars, timu iliyopanda daraja msimu ule na kuufanya mji mzima utembee kifua mbele. Kwa mkono wa Domitila huyohuyo, Rozalia, mpishi wa timu, alikuja kuonja mchele wa Nasma, na haukupita mwezi Nasma akawa ndiye anayelisha kambi.

Kazi ya mtunza vifaa watu huidharau mpaka siku jezi zikosekane. Domitila alifua, akapiga pasi, akahesabu soksi, akapaka viatu mafuta, na timu ikisafiri yeye ndiye wa kwanza kuamka na wa mwisho kupanda basi. Alikuwa amechumbiwa na mwalimu mmoja wa Nachingwea, Teofili, na kila alichopata alikipeleka kwenye kujenga vyumba viwili kwao Mnero. Ile kazi aliishika kwa meno. Mtu aliyemaliza kidato cha nne akarudi kupalilia ufuta wa baba yake anajua thamani ya kazi yenye mshahara.

Mbwemkuru Stars ilikuwa na mwenyekiti, Mzee Lukumani, mtu wa kupiga picha na wageni. Lakini mwenye mhuri alikuwa Katibu, Fortunatus, Mngoni aliyehamia Ruangwa miaka mingi. Usajili, posho, vyumba vya kulala ugenini, vyote vilipita kwake. Alikuwa na kicheko kikubwa, na kila alichomfanyia mwanamke alikisindikiza na kicheko hicho. Atamfinya mpishi kiunoni, acheke. Atamwambia mtunza vifaa alete bipsi, vile vizibao vya mazoezi, chumbani kwake usiku wa kuamkia mechi, acheke. Wachezaji nao wakicheka. "Katibu bwana, hana baya," wakisema, kwa sababu orodha ya kesho ilikuwa mfukoni mwake.

Nasma aliyaona kwa macho yake. Siku hiyo alipeleka mchele kambini, akazunguka nyuma kwenye stoo ya vifaa kutafuta wa kumpokea. Mlango ulikuwa nusu wazi. Domitila alikuwa amebanwa kwenye shelfu, ndoo ameishika mbele ya tumbo kama ngao, na mkono wa Katibu umeingia ndani ya kitenge chake. Hakuwa akipiga kelele. Alikuwa akisema kwa sauti ndogo, "Niache, Katibu. Niache. Niache," kama mtu anayefukuza mbwa asiyetaka kumkasirisha.

Fortunatus akageuka, akamwona Nasma, wala hakushtuka. Akatoa mkono taratibu.

"Aa, Mama Adinani. Usituone hivi, huyu mtani wangu."

Nasma aliuweka mchele chini. Alikuwa na maneno, tena mengi, lakini zabuni ya kulisha kambi ilikuwa mkononi mwa mtu yule, na wanawe wawili, Adinani na mdogo wake, walikuwa shule ya kulipia. Alimwita Domitila aje amsaidie kushusha magunia, na hilo tu ndilo alilofanya siku hiyo. Njiani kurudi alikasirika mpaka akapitiliza duka lake mwenyewe.

Domitila alipoendelea kukataa kupeleka bipsi chumbani, Katibu akaanza kumkata safari. Kisha posho. Mwisho akamwambia waziwazi, "Kazi hii ina wenyewe, we mtoto. Mimi ndiye mwenyewe." Ndipo Domitila alipoandika malalamiko kwenye kamati, akaja dukani kumwomba Nasma awe shahidi.

"Nikija, mchele wangu utakwenda na maji," Nasma alisema.

"Najua."

"Sasa unanipa nini?"

"Sina cha kukupa, Mama Adinani. Uliona."

Katika kuuziana kote kule, binti yule hakuwahi kumdanganya hata kwa mche mmoja wa sabuni. "Kikao lini?" Nasma akauliza.

Kamati ilikaa wanaume watupu ofisini kwa Mzee Lukumani. Nasma aliwekwa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha, akaambiwa ataitwa. Alisikia kila kitu. Alimsikia Domitila akieleza yote, mpaka mahali pa kitenge. Alimsikia mmoja akiuliza siku hiyo alivaa nini. Kisha akamsikia Fortunatus akivuta kiti.

"Wazee wangu, mimi Mngoni, huyu Mmwera. Babu zangu waliwachapa babu zake, ndiyo maana tunataniana mpaka leo. Mtu nikimtania mtani wangu, kosa langu liko wapi? Au mila nazo zimepigwa marufuku?"

Kikacheka kikao kizima.

"Basi ni utani huo," alisema Mzee Lukumani. "Sisi hapa ni familia ya michezo. Iandikwe kuwa ni watani, yaishe. Na wewe binti, kapumzike nyumbani kwanza, timu inahitaji utulivu."

Shahidi hakuitwa. Walipotoka, wakiwa bado na machozi ya kicheko, mmoja alimkuta Nasma pale benchini akashangaa: "Mama, na wewe unamsubiri nani?"

Kupumzika kwenyewe kulikuwa kufukuzwa. Wiki hiyohiyo stoo ikapewa mtu mwingine. Nasma akampeleka Domitila polisi, dawati la jinsia, akatoa maelezo yake, akaweka saini. Wakaambiwa suala linashughulikiwa. Walipofuatilia, linashughulikiwa. Nasma aliyekuwa akimaliza bei ya gari zima la mchele kwa simu moja, alikaa kwenye viti vya watu akielezwa habari za subira, na kila subira ilimwongezea nyongo.

Hapo ndipo mama yake Fortunatus alipofariki.

Bibi mwenyewe alikuwa mtu mwema, aliishi na mwanawe hapo Ruangwa, hakuna aliyemsema vibaya. Msiba ukawa mkubwa: viongozi, wachezaji na sare zao, na mdhamini wa timu, kampuni ya kununua ufuta, ikamtuma mwakilishi wake, dada mmoja aitwaye Faith, kutoka Dar. Asubuhi ya mazishi Domitila akaingia dukani.

"Nipimie unga wa muhogo, Mama Adinani."

"Wa kupika?"

"Wa kujipaka. Mtani wangu amefiwa. Nitakosaje?"

Nasma akaacha mizani. Alikuwa Myao, na Wayao nao wana watani wao, hakuhitaji kufundishwa. Msibani mtani ana ruhusa ambayo hata padri hana. Atajipaka unga, atalala mlangoni jeneza lisitoke, ataiga watu na kusema lisilosemeka, na wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Watampoza kwa kitu, apishe njia. Anayemkasirikia mtani ndiye mwenye kosa, na hulipa.

"Domi, yule mama hakukukosea."

"Mama simgusi hata jina."

Nasma akampimia unga, akapokea hela yake, akafunga duka, akamfuata.

Watani wengine wa Kimwera walikuwa wameshaanza, wazee wawili wamelaza mchi mlangoni wakidai sarafu, watu wakicheka katikati ya kilio, kama ilivyo desturi. Domitila akaingia uani na suti ya michezo ya timu, tumboni kaingiza mpira, uso mweupe kwa unga. Akatembea kwa mwendo wa Katibu, mabega nyuma. Kicheko kilipasuka hata kwa wafiwa. Faith naye alicheka, mkono mdomoni.

"Domi," Domitila akaita kwa sauti nzito ya Fortunatus, "njoo unipimie hii jezi. Funga mlango, upepo unaingia."

Wakacheka.

"Domi, leta bipsi chumbani. Aa, hizo bipsi weka chini, hukuitwa kwa bipsi."

Wakacheka, ila wachache.

"Unakataa? Nani atakupandisha basi? Posho yako iko mfuko huu, ingiza mkono mwenyewe uchukue." Akausukuma mfuko wa suti mbele, akiusogeza usawa wa nyonga, na uso wake ulikuwa haucheki hata kidogo.

Wachezaji waliangalia viatu vyao. Ndipo Rozalia, mpishi, aliyekuwa kwenye masufuria na mwiko mkononi, akasema kwa sauti ileile nzito, bila kunyanyua kichwa: "Na wewe mpishi, mumeo yuko mbali, unamtunzia nani?"

Hakuna aliyecheka. Kwamba Rozalia naye aliambiwa hayo, hata Domitila hakuwa akijua.

Fortunatus alikuja mbio akamkamata Domitila kola. "Mtoeni huyu kichaa kwenye msiba wa mama yangu."

Mjomba wake, mzee wa Kingoni aliyefika kutoka Songea kwa basi la usiku, akanyanyuka kwenye mkeka. "Fortunatus, mwachie. Mtani hakamatwi."

"Mjomba, huyu si mtani, huyu ni—"

"Kamati imeandika," Domitila akasema, pumzi zikimpaa. "Mzee Lukumani yule pale. Aseme kama hawakuandika."

Macho yote yakamgeukia mwenyekiti. Mzee Lukumani akavuta kofia yake, akaivaa, akaivua. "Iliandikwa," akasema.

"Basi," alisema mjomba, "amekosa mwenye hasira. Mtani wetu, unataka nini tupishwe, tukamzike dada yangu?"

Mtu akatoa noti. Domitila akalala chini kwenye mlango, juu ya mchi wa wale wazee, mpira tumboni.

"Hela sitaki. Nataka kazi yangu."

Mzee Lukumani akasema watazungumza baada ya mazishi. Domitila hakuinuka. Jua lilipanda. Padri alitazama saa. Faith alikuwa amesimama mikono kifuani, akimtazama mwenyekiti kama mtu anayepima gunia lililoloa.

"Jumatatu aje kazini," mwenyekiti akasema mwishowe.

Nasma, aliyekuwa nyuma ya umati, akapaza sauti: "Jumatatu nitakuja naye, tuandikiane."

Na aliandikishana nao kweli. Alikaa kwenye kiti kilekile alichokalia Fortunatus siku ya kikao, akakataa soda, akadai mkataba wa mwaka mzima, posho zilizokatwa, na kwamba hakuna mwanamke wa timu kuitwa chumba cha kiongozi kwa kazi yoyote. Walimwita mkorofi. Aliwaambia hilo jina halimpunguzii kitu kwenye mizani. Walipodai Domitila aombe radhi kwa kuharibu msiba, Nasma alisema aliyelipishwa na mila ni Katibu, wakamdai yeye. Wakasaini.

Fortunatus hakufikishwa popote. Kampuni ya ufuta ilisema haitatoa fedha akiwa yeye ndiye anayesaini, basi akaaga "kwa sababu za kifamilia", akapewa na ngao ya kumbukumbu, wakapiga picha. Msimu uliofuata alikuwa mratibu wa timu mkoa mwingine, na huko nako wapo wanawake wanaofua na kupika. Jalada la polisi linashughulikiwa.

Domitila alipata kazi yake, na mwaka wake wa mkataba. Alimpoteza Teofili. Ndugu zake walirudisha maneno kwamba hawawezi kuoa mwanamke aliyeonyesha mambo yale mbele ya jeneza. Yaliyomkuta ndani ya stoo hawakuyataja. Kwao Mnero, mama yake huwaambia majirani binti yuko safarini.

Nasma alipoteza zabuni kabla mwezi haujaisha. Mchele wa kambi sasa unaletwa na shemeji wa mjumbe wa kamati, na una mawe.

Rozalia alifukuzwa. Yeye ni Mmakonde. Wangoni si watani wake, kwa hiyo maneno yake ya pale kwenye masufuria hayakuwa na kinga. Barua ilisema amemtukana kiongozi katika msiba. Domitila alikwenda ofisini kumtetea, akaambiwa aangalie mkataba wake, jina la Rozalia halimo. Na kweli halikuwemo. Nasma aliusoma upya mkataba ule alioupigania mstari kwa mstari, akakuta hata siku ile mezani hakukumbuka kulitaja. Akautukana huku duka limejaa wateja, kisha akampelekea Rozalia gunia la mchele uliokuwa umekosa mnunuzi. Sasa aliyekuwa mpishi wa Mbwemkuru Stars anauza wali nyuma ya soko, kwa mashaka, mvua ikinyesha hauzi.

Wachezaji huenda kula huko. Wali wake wanausifu.