Jogoo wa Mama Mkwe Wangu

Mama mkwe wangu alichinja kuku watatu kwa kosa lisilo lao, na kila mmoja alinipa mimi nimtumbue. Niseme wazi tangu mwanzo: yule mama nilimchukia, na umri nilio nao leo haujapunguza kitu.

Ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru, mji wetu ukiitwa bado kwa jina la wakoloni, Albertville. Mume wangu alikuwa karani wa reli, mpole hadi kukera, mtu wa kujibu "ndiyo Mama" kabla mama yake hajamaliza kusema. Mama huyo alishuka kutoka Kirungu kuja kututembelea, akakaa moja kwa moja. Alikuja na gunia la maharagwe, sweta la baridi ya milimani, na jogoo mwekundu mkubwa aliyempakata njia nzima kwenye lori. Mjukuu wa kumpakata hakumkuta. Tulikuwa na miaka mitatu ya ndoa na tumbo langu lilikuwa bado bapa.

Basi akanianza. Asubuhi ananiuliza mbele ya majirani kama nimelala vizuri, huku macho yake yako tumboni mwangu. Wageni wakija, ananitambulisha: "Huyu njo mukamwana wangu, bibi ya mutoto wangu. Anapikaka muzuri." Kisha ananyamaza, ili kila mtu ajaze mwenyewe kilichobaki. Mwishoni alilitamka lenyewe: mvua zikikatika sijashika mimba, ataletwa msichana kutoka Kirungu, na mimi ngumba nirudi kwetu Katanika. Mume wangu aliangalia viatu vyake.

Sasa wale kuku. Walikuwa wangu, wanne, niliwanunua kabla yeye hajaja. Walikuwa wakitaga vizuri tu. Lakini wa kwanza aliatamia wiki tatu na zaidi, na mayai yote yakaoza. Mama mkwe akamwacha anenepe tena, kisha akamchinja, akanisukumia beseni. "Kuku asiyeleta vifaranga anakulaka bule," alisema, sauti ikivuka uzio. "Umutazame vizuri ndani."

Nilimtazama, kwa kuwa alitaka nitazame. Ndani mlikuwa na viini vimeshikana kama kichala cha ngazi za mchikichi: vingine vidogo kuliko punje ya mtama, vingine vikubwa, vya njano, vikingoja zamu. Chini yake, kwenye mrija mrefu, yai moja lilikuwa limeshavikwa ute na ngozi, ganda lake likiwa laini bado. Lingetagwa kesho yake. Kuku huyu hakupungukiwa na kitu. Nilinawa mikono nikijiuliza, kama si yeye, ni nani?

Jirani yetu alikuwa mjane anayeuza vifaranga sokoni. Nilimuuliza tukiwa kila mtu upande wake wa uzio.

"Kuku anatagaka hata bila jogoo, Mama," akaniambia. "Lakini kifaranga, bila jogoo hauwezi kukiona."

Akanieleza akionyesha kwa mikono. Mbegu ya jogoo inapanda ndani ya kuku hadi juu kabisa, inakikuta kiini kingali uchi, kabla hakijavikwa ute wala ganda. Ganda likishafunga, hakuna kinachoingia tena. Na kuku akipandwa mara moja, mbegu inabaki ndani yake, inatosha mayai ya siku nyingi. Kisha akaniuliza taratibu: "Yule mukubwa wenu, umeshamuona akipanda?"

Nikaanza kumchunguza. Aliwika alfajiri hadi usingizi ukatukimbia, na mahindi alikula wa kwanza, kutoka mkononi mwa mama mkwe. Lakini nyayo zake zilikuwa zimevimba. Akijaribu kumpanda kuku anateleza, anaanguka ubavu, anajikung'uta, halafu anawika. Nilichukua mayai ya kuku wa pili, aliyekuwa ameatamia wiki nzima, nikayashika kwenye mwale wa jua uliopita tundu la mlango wa jikoni. Ndani palikuwa peupe, hapana hata uzi wa damu.

Ningeweza kusema. Sikusema, kwani nilitaka kumkomesha, si kumfundisha. Alimchinja wa pili, akamchinja na wa tatu, kila mmoja na maneno yake, nami nikajifanya hamnazo, nikatumbua, nikapika, nikampakulia paja.

Wa nne nilimpitisha chini ya uzio. Jogoo wa mjane alikuwa mdogo, wa ile aina ya shingo tupu, isiyo na manyoya toka kichwa hadi mabega. Sura mbaya, lakini hakuwa na mchezo. Kuku wangu alishinda huko mchana, jioni nikimrudisha. Mayai ya mwanzo tulikula. Yaliyofuata niliyatunza, nikamwekea ayaatamie jikoni, wakati niliojua wageni wa Kirungu wako karibu kushuka.

Mvua zilikatika, wajomba wa mume wangu wakaja kuzungumza habari ya yule msichana. Walikula, wakanawa, wakajipanga uani. Mama mkwe ndiyo kwanza anaanza, "Huyu mama, miaka mitatu...", nami nikafungua mlango wa jikoni. Kuku akatoka na vifaranga vyake, vinalia, na karibu vyote vina shingo tupu, nyekundu.

Jogoo wa mjane alijulikana avenyu nzima, na wajomba walikuwa wamempita getini kwa mjane. Mjomba mkubwa alitazama vifaranga, akamtazama yule mwekundu aliyesimama kifua mbele, akainama kama mtu anayekohoa.

"Mama," nikasema, na sauti sikuipunguza, "wale kuku watatu ulichinja, hawakukuwa na kosa. Niliwatumbua mimi. Walijaa mayai."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Mume wangu aliinuka akaingia ndani. Nilifurahi, tena sana, na roho yangu ilishiba siku ile.

Bila shaka hawakunisamehe. Wiki hiyo hiyo nilirudi Katanika na kuku wangu na vifaranga vyake, na msichana akaletwa. Potelea mbali. Baadaye nikaolewa na mfanyakazi wa bandarini, na haikuchukua muda nikashika mimba. Mtoto alipoanza kukaa mwenyewe, nilimfunga mgongoni nikapita avenyu ile. Haikuwa njia ya kwenda popote nilipokuwa na shughuli.

Mama mkwe alikuwa barazani. Alipomwona mtoto mikono yake ilinyooka yenyewe. "Leta nimubebe kidogo." Nyuma yake yule msichana alikuwa akifagia uani, tumbo bapa, macho chini.

Nilifungua kitenge. Nikampita mama mkwe na mikono yake mitupu, nikampakatisha msichana.

"Mushike tu," nikamwambia, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Mimi pia waliniitaka ngumba, mu nyumba hii hii."

Alimpakata mwanangu kwa muda mrefu. Mama mkwe aliingia ndani. Siku si nyingi nikasikia msichana amefunga mzigo wake, amepanda lori la Kirungu, na hakuna aliyemfukuza.