Wiki Niliyokaa Dunguni

Mpunga ulipoanza kushika punje, niliomba likizo ya wiki moja nikamsaidie mume wangu kufukuza ndege shambani, ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro. Nilikuwa pia na jambo la kuamua. Kampuni moja ya Morogoro ilitaka nikawaandikie programu, na jibu walilitaka nikirudi.

Kazini kwangu Ifakara nilikuwepo tangu nimalize masomo ya jioni ya kompyuta. Mfumo wa kupokea mpunga ghalani niliuandika mimi. Ukigoma, wakulima wanasimama juani na magunia yao, na simu inayoita ni yangu. Hata kanisani niliiweka kwenye mtetemo. Kazi ya Morogoro niliipenda, ningejifunza mapya badala ya kuziba yale yale kila msimu. Mume wangu naye hakuwa na neno: wiki huko, wikiendi nyumbani. Ila nilijiambia, nikiondoka mfumo utakufa.

Dunguni, juu ya kichanja cha kulindia mpunga, hakuna mtandao. Kutwa tunapiga madebe, ndege wanaruka wanatua kwa jirani, jirani naye anapiga lake, wanarudi. Jioni nasali rozari, na nia yangu ilikuwa moja, naitaja kwa sauti: mfumo usigome.

Mume wangu akacheka. "Mke wangu, mimi nililazwa na malaria, hukuniombea hivi."

"Wewe ulikuwa na daktari."

"Na huyo mtoto wako wa ghalani hana mtu?"

Nikamwambia yupo binti niliyemfundisha kazi, ila bado mdogo.

"Mdogo kila mwaka," akasema, akaendelea kumenya muhogo.

Jumatatu nilipitiliza ofisini na matope yangu miguuni. Yule binti akasimama. "Shikamoo mama. Mfumo uligoma Jumatano."

Nikadakia, "Mbona hamkunipigia?"

"Tulipiga mpaka tukachoka. Nikakaa, nikasoma ulivyoandika. Mizani ikituma uzito mara mbili kwa pamoja, unakwama. Hapo nimeandika upya. Usikasirike mama, sehemu yako nimeifuta."

"Na wale wakulima waliowahi kuvuna?"

"Walinisema weee. Halafu wakapimiwa, wakaenda."

Nikaketi nikaisoma kazi yake. Nilishajiandaa kuumia, kumbe nikajisikia kama mtu kanitua ndoo kichwani. Ilikuwa safi kuliko yangu. Nikamshukuru Mungu kimya kimya, maana nilichoomba hakunipa, na alifanya vizuri.

"Sijakasirika, mwanangu. Hebu nionyeshe tena hapa."

Mchana huo nikawapigia Morogoro, nikakubali. Mume wangu hapatikani kwa simu, kwa hiyo nikamtuma kijana wa bodaboda aliyekuwa anapeleka unga mashambani. Jioni akarudi na jibu.

"Baba kasema alishajua. Kasema uwasalimie Morogoro, ila mpunga haujakomaa, Jumamosi ndege wanakusubiri."