Udongo wa Dukani kwa Mama Mkwe

Nilipobeba mimba yangu ya kwanza nilikuwa nafundisha sayansi darasa la tano, na mada yenyewe ilikuwa virutubisho. Nauliza wanga una kazi gani, darasa zima linaitikia kwamba unaupa mwili nguvu. Protini inajenga mwili. Madini ya chuma yanatengeneza damu. Nawapongeza, kengele inalia, nami najifungia kwenye choo cha walimu kutafuna udongo.

Sioni haya kusema. Vile vipande vya udongo wa kula, vyenye harufu ya mvua ya kwanza, vilinitia wazimu. Nikajipa na hoja ya kitaalamu: udongo ni madini, mwili wangu unadai madini, mie ni nani nibishane na mwili? Mwalimu mzima.

Tuliishi Chang'ombe, nyuma ya duka la mama mkwe, Mwarabu aliyekulia kwenye kaunta hiyohiyo. Zahanati ilikuwa hatua chache tu kutoka dukani. Waliponipima wingi wa damu wakakuta nane, na inatakiwa ifike kumi na moja. Nesi akanipa vidonge vya madini ya chuma, akasema damu isipopanda kabla mimba haijaingia mwezi wa tisa sitajifungulia pale, nitapelekwa hospitali kubwa. Niliogopa sana. Mama yangu mzazi yuko mbali, bara, nami nilitaka kuzalia mahali ambapo mama mkwe angefika na uji ungali wa moto.

Mama mkwe akatangaza vita. Mchana matembele, jioni maini, katikati juisi ya rozela, na limau juu ya kila kitu. "Kula mwanangu, hii yote damu," ananiambia, habanduki mpaka sahani iwe tupu. Nami nakula vizuri, kisha namtuma jirani akaninunulie udongo dukani kwake, maana udongo mtamu kuliko wote mtaani aliuza yeye. Jirani huyo alikuwa na wajukuu wanne. Wiki ya pili mama mkwe akanivuta jikoni, macho yamemtoka.

"Yule mwenzetu ana mimba," akaninong'oneza. "Na umri ule."

Nilicheka mpaka mtoto akanipiga teke.

Nikapimwa tena: nane ileile. Mama mkwe aliona katukanwa. Matembele aliyachuma kwa mkono wake, yatashindwaje? Safari iliyofuata akajitanda mtandio wake wa sikukuu, akaja zahanati kuiona hiyo mashine kwa macho yake.

"Shikamoo mama," nesi akamwamkia, kisha akanigeukia. "Unakula udongo?"

"Hapana."

"Haya, nipe kadi."

Kadi ikatoka mkobani imejaa vumbi la kahawia, na nyuma yake kikadondoka kifurushi cha gazeti. Mama mkwe akakiokota, akakigeuzageuza. Mtaa mzima ni yeye peke yake anayefunga bidhaa kwa kukunja pembe tatu namna ile.

"Hiki changu," akasema.

Nesi akatueleza taratibu. Chuma cha kwenye matembele na vidonge kinafika tumboni, udongo unakinasa kabla hakijaingia kwenye damu, halafu vinaongozana hadi chooni.

"Kwa hiyo mie napika," mama mkwe akasema, "na mie huyohuyo nauza cha kuharibu?"

Nilijitahidi kujizuia, nikashindwa. Nikacheka, nesi akacheka, mwishowe mama mkwe naye akajifunika mtandio usoni, mabega yanamtikisika.

Siku hiyohiyo kopo la udongo likaondoka kauntani, mahali pake likakaa kopo la mbegu za maboga za kukaanga, zangu peke yangu. Niliteseka. Mvua ikinyesha natoka uani kunusa tu, mama mkwe ananichunga dirishani.

Mwezi wa tisa ulipoingia tukaenda wote wawili. Mashine ilipokuwa inasoma lile tone, mama mkwe alinibana mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Kumi na moja. Nesi akaandika kwenye kadi kwamba nitajifungulia palepale, nami nikalia kwa furaha, kamasi na vyote. Mama mkwe hakunibembeleza. Aliichukua kadi, akatoka nayo hadi kwenye benchi walikokaa wajawazito wengine, akaipitisha mbele ya macho ya mmoja mmoja.

"Matembele yangu haya," akawaambia.