Siku Waya wa Meno Uliponinasa Ukweni

Jamani, hii nawasimulia huku nimeziba uso kwa aibu, maana mimi mtu mzima, fundi friji wa Mabatini mwenye kitambi na heshima zake, nilikwenda kuposa na waya wa meno mdomoni kama mtoto wa sekondari. Mchumba wangu Neema alinishauri niwaambie wazee mapema kwamba daktari ananinyoosha meno, nikasema thubutu, watadhani naoa huku bado nakua, nitafumba tu mdomo (akili zangu hizo!).

Basi tukavuka daraja hadi kwao Busisi, mimi na baba mdogo, ndiye mshenga wangu. Kila shikamoo niliitolea puani. Shangazi mmoja akanong'ona, "Mbona amenuna hivi?" na baba mkwe, mzee mwenye sauti ya spika ya kanisani, akaniangalia kwa jicho ambalo kwa kweli halikuwa la kutoa binti. Niliogopa, posa naiona inaniponyoka.

Likaja sinia la chai na matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, na ukweni hukatai chakula. Nikatafuna kwa upande mmoja, kiazi kikang'ang'ania, waya ukachomoka ukachungulia nje ya mdomo. Nikainama haraka nijifute kwa pembe ya kitambaa cha meza, kile cha kufuma chenye matundu matundu, waya ukanasa humo humo.

Mzee akanguruma, "Huyo kijana asimame, tumsikie mwenyewe."

Nikasimama. Kitambaa nacho kikasimama, sinia likaporomoka, chai yote ikaishia mapajani kwa baba mdogo, akaruka akimtaja Yesu.

Hapo mama mkwe, ambaye kwa mila za kwao hata kunisogelea ni mwiko, akaja na sindano yake ya kufumia, akanishika kidevu. "Panua mdomo, baba." Akanifumua tundu kwa tundu, machozi yananitiririka.

Mzee akafoka, "Tangu lini mama mkwe akatia vidole mdomoni mwa mkwe?"

Bibi yake Neema, pale mkekani, alikuwa hana mbavu kwa kicheko. "Basi mwozeni! Mtamrudishaje kwao na mama ameshamjua mpaka magego?"

Nikaozwa. Ila tangu siku hiyo nimeapa, nyumba yoyote ya watu napiga hodi nikiwa nimeshakenua.