Kamera Iliyoikataa Ndoa ya Mama

Wazazi wangu walifunga ndoa kanisani mwaka huu, mimi nikiwa na miaka thelathini na nane, na mpiga picha wao nilikuwa mimi mwenyewe. Nikikumbuka jinsi nilivyokaribia kuwaharibia, hadi leo nashusha pumzi.

Kwetu Nyololo jambo hili si la ajabu. Watu wanaishi pamoja, watoto wanazaliwa, mahari inalipwa kidogo kidogo, na kanisa linasubiri. Baba alikuwa bingwa wa kusubiriwa. Kila katekista aliyekuja nyumbani aliahidiwa mwakani. Kisha akaugua kifua, akalazwa, akapona, na siku moja tukiwa tunakula akatangaza kwamba yuko tayari.

"Nikifa nizikwe na padre," alisema, "siyo nifukiwe kama mbuzi."

Tulicheka sote, na mama alicheka pia. Lakini jikoni, akimenya viazi, uso wake ulikuwa mwingine.

"Mimi wala simo, mwanangu," aliniambia. "Baba yako anaoa kaburi lake." Akatupa ganda. "Wewe nipigie picha moja tu, pale padre anapotufunga mikono kwa stola, ule utepe wake wa shingoni. Nikae nayo."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Kazi yangu ni picha za harusi, mjini Iringa, na wiki mbili kabla nilikuwa nimesafiri hadi Mwanjelwa, Mbeya, kununua kamera iliyotumika lakini ya kisasa. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Kamera hii ilikuwa inaikagua picha papo hapo, kidole kikiwa bado kwenye kitufe: mwanga unatosha? Mkono umetikisika? Kuna aliyefumba macho? Ikiridhika inaweka fremu ya kijani, isiporidhika inaweka nyekundu. Kijitabu chake kilijisifu kwamba utaalamu huo una hataza, yaani hakuna kiwanda kingine kinachoruhusiwa kuuiga. Nilikisoma kurasa mbili nikajiona mhandisi.

Ilikuwa pia na mpangilio wa kubakiza picha nzuri tu, yenyewe. Huo ndio ulionimaliza. Kila baada ya harusi napoteza siku nzima nikifuta picha za watu waliofumba macho, kwa hiyo niliuwasha kwa furaha. Sikukumbuka kwamba sisi Wakristo tunasali tumefumba macho.

Kanisani padre aliwafunga stola mikononi, akaanza ile sala yake ndefu. Nilibonyeza na kubonyeza. Fremu ilikuwa nyekundu tangu mwanzo hadi mwisho, nami nikajiambia ni giza la asubuhi ya ukungu, nitarekebisha nyumbani.

Tulirudi, watu wakapewa chakula na ulanzi, pombe yetu ya mianzi, nami nikakaa kwenye benchi nyuma ya nyumba kuzitazama. Kwaya ilikuwepo. Shangazi na kilemba chake alikuwepo. Baba akishuka garini alikuwepo, amenuna kama kawaida yake. Kisha keki. Pale palipopaswa kuwa na ile sala hapakuwa na kitu. Hakuna stola wala mikono. Nilirudi nyuma, nikaenda mbele, nikarudi tena. Nimepiga picha ndoa za watu nisiowajua kabisa na sijawahi kukosa hata pete, halafu ya mama yangu ndiyo niikose! Nililia, sitaficha, na nilimtukana aliyeibuni kamera ile pamoja na hataza yake.

Nikampigia simu aliyeniuzia, kule Mbeya. Nilianza na matusi.

"Taratibu, dada," alisema. "Umepiga picha nyingine baada ya hapo?"

"Keki tu."

"Basi acha kupiga. Haijafuta, imeficha. Ingia kwenye menyu, shuka chini kabisa, kuna folda ya zilizokataliwa. Inakaa nazo siku chache ndiyo inatupa. Hivi kile kijitabu hukusoma?"

"Nilisoma."

"Ulisoma jalada, dada."

Nikashuka chini kabisa. Zilikuwepo. Zote! Padre, stola, mikono minne iliyozeeka, na mama yangu amefumba macho, machozi yanamtiririka. Nilimwambia yule bwana "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa chake, mara tatu, akacheka akakata simu. Nilihisi kama nimetuliwa gunia la mpunga kichwani.

Nikamfuata mama. Akavaa miwani, akaishika kamera kwa mikono miwili, akatazama kwa muda mrefu.

"Hapa padre anasema nini?"

"Ile sala ndefu."

"Mbona baba yako hajafumba macho?"

Mimi kwa hofu yangu sikuwa nimeona. Baba hakuwa anasali hata kidogo. Alikuwa amegeuza kichwa anamwangalia mama. Nilibonyeza picha iliyofuata, anamwangalia. Nyingine, anamwangalia. Zilikuwa kumi na moja, na katika zote uso wa yule mzee mkali ulikuwa umelegea kwa namna ambayo mimi, mtoto wake, sijawahi kuiona.

Mama alianza kucheka kimyakimya, mabega yakitikisika, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Usimwonyeshe leo," alisema. "Atasema alikuwa anatafuta mlango."

"Nitakutafutia nyingine, mama. Hizi zote umefumba macho."

"Itoe hii hii, iwe kubwa ya ukutani," alisema. "Mimi najijua. Nilitaka kumwona yeye."